Jipu la Mbwa Nililoliita Kisu

Mtu aliyemmaliza Baba Nyokabi ni mimi. Si mzungu peke yake, si askari peke yao. Mimi! Kwa mdomo huu huu ninaolia ugali. Jina langu la kuzaliwa sitaandika, maana bado naishi na watu. Lakini wenzangu katika uovu huu nitawataja, kwa sababu nimechoka kuubeba peke yangu.

Miaka ile ya Emajensi, serikali ya wazungu ikiwasaka Wakikuyu walioasi, nilikuwa boi wa mbwa kwa shamba moja la pareto, juu kidogo ya Gilgil. Mzungu wetu tulimwita Bwana Kikohozi, maana ulimsikia kabla hujamwona. Mbwa wake aliitwa Reksi, mbwa mkubwa wa kulinda nyumba. Alikula nyama kuliko watoto wangu.

Sasa usione aibu, nitasema wazi. Mbwa ana vifuko viwili vidogo ndani ya ngozi, huku na huku ya mkundu. Vinajaa maji ya kahawia. Mbwa wengine hujimwagia wenyewe wakienda haja. Reksi hakuweza. Ilikuwa lazima mtu ainue mkia, aweke kitambaa cha maji moto, afinye kwa vidole kutoka chini, taratibu, mpaka yatoke. Na yakitoka! Samaki wa Naivasha aliyelala juani ananukia kuliko hayo.

Kazi hiyo nilipewa mimi. Memsabu, mke wa Bwana, alinifundisha mwenyewe, pua amefunga na leso. "Wewe kamua pole pole, sikia? Hapana finya nguvu."

Nilifanya vizuri mwanzoni. Kilichoniharibu ni vicheko.

Kiprono, nyapara wa ng'ombe, ndiye alianza. Nikipita zizini anapiga kelele: "Jameni, mkamuaji mwenzetu huyo! Leo umepata chupa ngapi?" Wakamuaji wote wanaanguka kwa kucheka. "Msimpe mkono! Mtakula kwa mkono upi jioni?" Wakaniita Maziwa ya Reksi. Hata watoto wa laini, zile nyumba za wafanyakazi, wakaniita hivyo. Hata mke wangu akaniwekea sahani nje ya mlango. "Baba Wekesa, kula huko huko upepo ukusaidie."

Mimi mwanaume, na mvi kichwani! Nikaona heri niache.

Niliacha kwa ujanja. Namwita Reksi nyuma ya banda, nalowesha kitambaa, namwaga maji, nakianika kwa waya mahali Memsabu atakiona. "Tayari, Memsabu." Anasema vizuri sana. Mjinga ni nani hapo?

Reksi akaanza kujiburuta. Anakaa kwa majani anavuta matako chini, anageuka anajilamba, anajing'ata mkia. Nilijua ni nini. Nilimwona na nikapita!

Baba Nyokabi alikuwa mpishi wa nyumba kubwa. Mkikuyu, mpole. Tulikuwa majirani kwa laini, ukuta wetu mmoja. Mke wangu alipojifungua akalala hoi, Mama Nyokabi ndiye alimpikia uji. Basi Baba Nyokabi akaniambia jikoni, kwa sauti ya chini: "Ndugu yangu, huyo mbwa amevimba. Mwambie Memsabu kabla hajapasuka."

Nikamjibu: "Wewe chunga sufuria zako."

Asubuhi moja niliona uvimbe umekuwa jipu jekundu, ngozi inang'aa. Nikaogopa. Nikamshika Reksi, nikafinya haraka, kwa nguvu, vile vile nilivyokatazwa. Mbwa aligeuka akanikamata mkono, akatikisa kama anayeua panya. Vidole viwili vikabaki vinaning'inia kwa ngozi. Na jipu likapasuka. Reksi akakimbia mpaka mbele ya nyumba, damu na usaha vinashuka mguuni, na chini ya mkia kuna shimo. Shimo la mviringo, safi, kama limetobolewa.

Bwana Kikohozi akatoka na bunduki. Wiki hiyo hiyo ng'ombe wa shamba jirani walikatwa mishipa ya miguu usiku na watu wa msituni, na wazungu wote walikuwa wakilala na viatu kwa hofu.

"Nani nadunga mbwa yangu?"

Neno kudunga lilitoka kwake, si kwangu. Ningesema, "Bwana, ni jipu, nimekosa." Ningepigwa, ningefukuzwa, basi. Lakini niliona wanangu na mizigo kando ya barabara. Niliona Kiprono akicheka.

Baba Nyokabi alikuwa amesimama kwa mlango wa jikoni na kisu mkononi. Alikuwa akimenya viazi. Viazi, Mungu wangu!

"Ni huyu?" Bwana akauliza.

Nikasema: "Ndiyo, Bwana. Nilitaka kumzuia, mbwa akaniuma kwa uchungu."

Kiprono alikuja mbio kutoka zizini, akamfunga kwa kamba ya kufungia ng'ombe akikamuliwa, akampiga teke. "Nilijua! Hawa Wakikuyu ni kitu moja!" Na Kiprono alijua kazi yangu, alijua kila kitu, si ndiye alinipa lile jina?

Baba Nyokabi hakulia. Akaniambia: "Baba Wekesa, waambie ni jipu. Wewe ndiye unayemkamua."

Nikaangalia mkono wangu.

Wakampeleka kampi ya skriningi, walikowahoji washukiwa kwa kipigo. Mama Nyokabi na watoto wakatupwa kwa lori siku hiyo hiyo, wapelekwe rizavu, eneo walilotengewa Wakikuyu. Githeri yao ya mahindi na maharagwe ilibaki motoni. Tuliila sisi. Ndiyo, tuliila!

Halafu daktari wa mifugo akaja kutoka Nakuru. Kwa ajili ya mbwa, si ya vidole vyangu. Akainua mkia, akanusa, akacheka. "Kisu? Hapana. Mfuko umeziba, umeoza. Hakuna mtu alikamua."

Nilijua nimekufa. Bwana Kikohozi alinitazama, akakohoa, akangoja gari la daktari liondoke. "Ile mpishi imekwisha kwenda. Mimi hapana rudi sema mimi mjinga. Na wewe hapana sema." Akanipa kabuti la jeshi. Thawabu ya uaminifu! Memsabu alisikia yote, akarudi kwa maua yake.

Nilimkamua Reksi kwa vidole vilivyobaki, bila kuruka siku, mpaka alipokufa kwa uzee. Alizikwa, kaburi likawekewa jiwe.

Baba Nyokabi alirudi. Nilikutana naye Nakuru karibu na stesheni, mke wake amemshika kwapa. Anatembea miguu imeachana. Kulikuwa na benchi tupu, na yeye akaegemea ukuta, maana hawezi kukaa. Walichomfanya kule sitakiandika.

Mama Nyokabi alishika mkono wa kabuti langu, akausugua kwa vidole. "Kitambaa kizuri, Baba Wekesa. Kinazuia baridi?"

Ndipo mume wake akaniuliza, bila hasira:

"Mbwa alipona?"

"Alipona," nikasema. Akatikisa kichwa, wakaenda.

Wewe unayefuga mbwa, ukimwona anajiburuta, inua mkia, mkamue pole pole, na wanaokucheka wacheke mpaka wachoke. Harufu ile huisha kwa sabuni na maji. Usifanye kama mimi! Kabuti bado ninalo. Nimejaribu kulitoa bure kwa watu wa kwetu, na kila mtu akisikia limetoka wapi, ananirudishia.