Siku Niliyouza Hisa Kama Majani ya Chai

Nikiwasimulia mtacheka, lakini chekeni tu, maana kituo kizima cha majani kilishanicheka na mimi mwenyewe nimezoea. Mimi ni karani, yule anayewapimia wakulima majani ya chai kabla lori ya kiwanda haijafika, huku nje kidogo ya Kericho. Kwetu ni kule chini kando ya ziwa, ingawa watoto wangu wote wamezaliwa hapa. Sasa ule wakati hisa zilipokuwa zikipanda kila siku, nami nilinunua za benki moja (karo ya binti yangu ya chuo cha uuguzi yote niliitia humo, na mama yake sikumwambia), na bei ilivyozidi kupanda ndivyo mdomo wangu ulivyozidi kurefuka, mtu akileta kikapu nampimia majani na kumhubiria hisa, mpaka wakaanza kuniita Profesa.

Katika wanafunzi wangu alikuwamo Kogo Rael (kogo ndiyo nyanya kwa watu wa huku), mjane mwenye shamba dogo la chai na asiyependa maneno mengi. Nilipomwambia anunue hisa kwa pesa yake ya bonasi, hakuniuliza bei. Alienda mjini akakaa kwenye benchi ndani ya ile benki tangu asubuhi hadi saa saba, akitazama tu watu wanaoingia na kutoka, kisha akarudi akasema wateja ni wengi na wafanyakazi hawalali, basi atanunua. Mimi nilimwona mshamba.

Siku ya mkasa lori ilichelewa, foleni ikafika barabarani, nami nikasema acha nichungulie simu kidogo tu. Bei imeshuka. Nikapima vikapu viwili, nikachungulia tena, imeshuka zaidi, kijasho kikanitoka. Mnajua mtu wa majani anavyofikiri: jani lililochumwa leo lazima liuzwe leo, likilala linaharibika na kiwanda hakilitaki. Nikaona hisa zinaniozea mkononi! Nikauza zote palepale kwa hasara, na badala ya kubaki na hofu yangu kimya, nikapanda juu ya meza nikawatangazia watu wote wauze kabla jua halijazama. Akina mama wanne wakaniamini, wakauza. Kogo Rael nikamnyooshea mkono anipe simu nimuuzie mimi mwenyewe.

Akaificha simu kifuani. "Karani, bei ya majani imeanguka mara ngapi hapa?" akaniuliza. "Uliwahi kuona mimi naenda nyumbani kung'oa chai?"

Watu wakacheka, nami kwa hasira nikaapa mbele yao kwamba hisa hizo zikipanda tena nitamchumia chai siku nzima, kikapu mgongoni.

Mwezi haukuisha, zikapanda kupita pale zilipokuwa. Basi siku yangu ya mapumziko nikachuma, mgongo ukaniuma hadi machozi, na jioni nikapeleka kikapu kwenye mizani yangu mwenyewe, karani mwenzangu akamwaga majani mezani, akachambua, akanikatalia karibu yote, eti magumu na yana vijiti (mimi, niliyewakatalia watu miaka yote hiyo). Foleni ikavunjika mbavu. Wale akina mama wanne hawakucheka hata kidogo, na hilo ndilo lililoniuma. Kogo aliokota yale machache mazuri, halafu akaniuliza polepole pesa niliyoipoteza ilikuwa ya nini. Nikashindwa kudanganya, nikamwambia ni karo, na haitoshi tena.

Wiki ya mwisho kabla ya chuo kufunguliwa, soko lilikuwa limeyumba upya, bei chini. Kogo akaja kwetu asubuhi, akaketi, akatuambia mimi na mke wangu, ambaye kufikia hapo nilishamwambia yote, kwamba ameuza sehemu ya hisa zake ili kujazia karo ya msichana. Na mimi, kwa mdomo huu huu, nikamwambia angengoja, leo bei imeshuka.

"Bei nimeona," akasema. "Lakini mtoto anaenda shule Jumatatu."

Mke wangu akamshukuru. Binti yuko mwaka wa pili sasa, na nimeapa kutomshauri mtu tena mambo ya hisa. Wakiniuliza soko likoje, nawaambia wamuulize Kogo Rael, mimi kazi yangu ni kupima majani.