Maziwa ya soya niliyaharibu mimi, lawama akabeba shemeji yangu

Kosa ni langu. Naanza na hilo kwa sababu mimi nikianza na kitu kingine nitafika Bunda na kurudi kabla sijalisema. Nyinyi hamnijui, na hiyo ndio afadhali yangu. Huku Musoma nikifungua mdomo tu watu wanaanza kucheka sijasema hata kitu, na siku hizi kicheko chao kinanichosha kuliko kugonga bati.

Mimi ni fundi majiko. Nagonga majiko ya mkaa hapa Mwisenge, chini ya turubai. Shule niliishia darasa la pili, mwalimu aliniambia nimeshajua vya kunitosha, nikamwamini. Lakini kwa stori sina mpinzani. Nikinunua sato wa kiganja asubuhi, mpaka adhuhuri ameshakuwa mkubwa kama mlango, na jioni ameshammeza mtu wa Ukerewe na baiskeli yake. Watu wanakujaga kukaa pale kwangu wasikilize tu. Jiko hawanunui, lakini kucheka wanacheka.

Mdogo wangu alifariki, mke wake akabaki hapa mjini na watoto watatu. Nimwite Mama Wegesa, jina lake lenyewe naliacha. Huyu mama hakukaa kulia. Alianza kutengeneza maziwa ya soya. Analoweka soya, anatoa maganda, anasaga, anachuja kwa kitambaa, anachemsha mpaka ile harufu ya maharage iishe, anatia tangawizi kidogo. Asubuhi anapita na ndoo yake ya chupa, mtaa mzima unamsubiria. Watoto wake walikuwa wanakula humo, wanasoma humo.

Mimi daktari alishaniambia maziwa ya ng'ombe basi, tumbo langu limezeeka, haliyawezi tena. Mtu wa Butiama kuambiwa hivyo ni kama ameambiwa asiende kumzika mama yake. Nilikaa siku mbili siongei na mtu. Shemeji akasikia. Tangu hapo kila asubuhi akipita ananiachia chupa moja ya soya, hataki hata ahsante.

Siku ya kwanza aliniambia, "Shemeji, haya unakunywa sasa hivi. Haya hayalalagi."

"Maziwa yasiyolala ni maziwa gani?"

"Haya ni maharage, shemeji, sio ng'ombe. Maharage yakilala kwenye joto unayaonaje?"

"Unaniamrisha kama mke wangu."

"Mke wako angekuamrisha ungesikia? Kunywa."

Nikanywa, nikacheka. Lakini kichwani halikuingia. Mimi nimelelewa kwenye kibuyu. Kwetu maziwa mabichi ni ya mtoto na ya paka. Mtu mzima anayaacha yalale siku mbili, siku tatu, yashikane, yakikukata ulimi ndio unajua leo umekunywa. Hilo sikufundishwa, nilizaliwa nalo.

Sasa ikatokea safari ya kupeleka majiko Bunda. Asubuhi ile nikanywa nusu chupa, nusu nikaisukuma chini ya meza pale kazini, nikasema jioni nitamalizia. Bunda nikakaa siku tatu. Narudi mchana, jua linachoma mpaka bati linalia lenyewe, jirani zangu wameenda kula, niko peke yangu na kiu yangu. Naiona ile chupa. Juu imeshikana, chini imetoa maji. Nafungua, inapumua.

Mtu mwenye akili angeitupa. Mimi nilifurahi. Kweli nawaambia, nilifurahi kama mtu aliyeona ng'ombe wake aliyepotea. Nikasema kumbe hata soya inagandaga, ni huyu shemeji tu hajaijaribu. Nikaitikisa ikachanganyika, nikaishusha yote. Ilikuwa inateleza, chungu kwa nyuma, inanuka kama soksi ya mgambo. Nikasema ndio ukali wenyewe huo. Nikajilamba.

Sikumaliza kugonga hata jiko moja. Tumbo lilinguruma mpaka mbwa akaamka. Hapa naongeza kidogo, lakini sio sana. Nilikimbia chooni nikarudi, nikakimbia nikarudi, mara ya tano sikurudi, nilibaki huko huko nimeshika ukuta. Huku natapika na huku hivyo hivyo. Nikabebwa kwa bodaboda nimekaa katikati kama gunia la dagaa mpaka hospitali, nikatundikiwa maji.

Nesi akaniuliza, "Baba, umekula nini?"

"Maziwa ya shemeji."

"Ya lini?"

Nikajishika tumbo nikalia. Tumbo lilikuwa linauma ndio, lakini nililia kwa sababu ya lile swali. Mzee wa Butiama nimeshindwa na maziwa, tena niliambiwa, tena niliambiwa kila siku. Aibu ilinishika.

Kesho yake nimepata nafuu, naketi kitandani. Akaja Masatu, fundi baiskeli, jirani yangu pale kazini, na wenzetu wawili wa kijiweni. Wakakaa. Masatu akasema, "Enhe, kimekupata nini?"

Ningesema tu nimekunywa yaliyooza. Lakini jamani, wameketi, wametulia, wananitazama mdomo. Mimi nikitazamwa mdomo sijiwezi.

Nikasema, "Maziwa ya shemeji yamenifikisha mpaka kwa marehemu babu. Kaniuliza, ugoro umeleta? Nikasema sina. Kaniambia rudi ukalete."

Wakacheka mpaka nesi akaja kuwatoa. Nikaona wanainuka. Sikutaka watoke. Nikawarushia nyingine, "Sijui alitia nini mle."

Ni hayo. Maneno manne. Nikayasema nacheka.

Kufika kwangu kutoka hospitali, yale maneno yalishaota miguu na mikono. Eti mjane anataka kunimaliza abaki na shamba la mdogo wangu kule Butiama. Shamba lenyewe nusu ni mawe, nusu ni ugomvi na majirani. Mimi sikusema shamba. Lakini nilipoulizwa "Ni kweli?" nilikuwa najibu, "Nyinyi mnaonaje?" Nacheka. Watu waliongezeka pale kijiweni. Naungama hapa kwamba nilipenda.

Chupa zikaanza kumrudia. Anapita asubuhi, ndoo imejaa. Anarudi, imejaa.

Siku ya nne alikuja pale kazini, watu wamekaa. Hakunisalimia vibaya. Akasema, "Shikamoo shemeji, pole na kuugua."

"Marahaba, nimepoa."

"Nina swali moja. Ulikuwa Bunda siku tatu, sikukuachia chupa. Umerudi ukaumwa. Ulikunywa ya siku gani?"

Swali la mtu mwenye akili. Kijiwe chote kikanigeukia. Na mimi jibu ninalo, liko hapa kwenye ulimi, limelala limeganda. Nikasema, "Ya siku ya kufa kwangu, shemeji."

Walicheka wote. Yeye hakucheka. Alinitazama hivi, kama anamtafuta mtu mwingine ndani yangu, akabeba ndoo yake akaondoka. Wiki hiyo haikuisha, alifunga vitu akahamia Bunda kwa dada yake, na watoto wote.

Mama yangu akapiga simu kutoka Butiama. Mama yangu haongeagi sana.

"Wajukuu zangu wako wapi?"

"Wako Bunda, mama."

"Wamefuata nini Bunda? Baba yao mdogo ni nani, baba yao mkubwa ni nani?"

"Ni mimi, mama."

"Sasa mwanangu mmoja nimemzika. Wewe unataka nimzike tena?"

Akakata. Nilikaa na ile simu sikioni, haina mtu.

Nikaamua kusema. Nikaenda kijiweni, nikawaambia jamani sikilizeni, yale maziwa nilikuwa nimeyaacha chini ya meza siku tatu kwenye joto, nikadhani ni mgando. Masatu alianguka kutoka kwenye benchi. "Siku tatu! Halafu akadhani mgando! Huyu mzee atatuua." Wakataka niirudie. Nikairudia, na mimi nacheka. Mmoja akaninong'oneza, "Unamficha kwa sababu ni familia. Tunaelewa." Uongo wangu waliubeba mtaa mzima bila kuuliza, ukweli nimeuleta mwenyewe wakaufanya kichekesho. Miaka yote hiyo niliwafundisha hivyo mimi.

Nikapanda gari nikaenda Bunda. Nilimkuta shemeji kwenye mgahawa, anaosha vyombo vya mtu. Mikono imekuwa myeupe kwa sabuni. Akanivutia kiti, akaniletea maji ya kunywa. Mimi niliyemvunjia jina, akaniletea maji.

Nikamwambia yote. Hakushangaa.

"Nilijua tangu siku ile," akasema. "Chupa yangu niliiona chini ya meza yako, bado ina ule utando."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema mimi nani angesikia? Mimi ndio mwenye sumu."

"Nimeshasema, shemeji. Nimesema mbele ya watu wote."

"Nimeambiwa. Umesema ukacheka."

Akaendelea kusuuza sahani. Halafu akasema, "Sina neno na wewe, shemeji. Wewe ni baba wa watoto hawa sasa. Lakini Mwisenge sirudi kwa kichekesho."

Nilirudi nimechoka mwili mzima, hata meno. Ikaja siku ya mkutano wa mtaa. Mwenyekiti alimaliza mambo ya taka na mitaro, akauliza kama kuna mengineyo. Nikasimama. Watu wakaanza kutabasamu, wanajiweka sawa kwenye viti. Nikaweka mikono nyuma ili isiniletee vituko.

Nikasema, "Shemeji yangu alinipa maziwa mazuri. Aliniambia niyanywe siku hiyo hiyo. Niliyaacha siku tatu yakaoza, nikayanywa. Nikaona aibu, nikasema sijui alitia nini. Hakutia kitu. Nilimsingizia."

Wanasubiri. Kwa nyuma Masatu akasema, "Malizia basi."

"Imeisha," nikasema.

Hakuna aliyecheka. Mimi nimesimama mbele za watu maisha yangu yote, sijawahi kusikia kimya cha namna ile. Kikakaa, kikakaa. Halafu mama mmoja, mteja wake wa kila siku, akasema polepole, kama anaongea na kanga yake, "Mimi nilimrudishia chupa zake mlangoni. Watoto wake wanaona." Akainama. Masatu akavua kofia, akaanza kuikagua kama ina tatizo.

Baada ya siku chache shemeji alinipigia mwenyewe. Akasema wamempigia akina mama watatu, wamemwomba radhi, wanamuuliza maziwa. Nikasema basi rudi, mwenye chumba bado hajapangisha.

"Mimi ningerudi," akasema. "Wegesa ndiye hataki. Shuleni huko walikuwa wanamwita mtoto wa sumu. Hakuniambia mpaka tumefika huku."

Yule mtoto ana miaka tisa. Alikuwa anakujaga kazini kwangu akitoka shule, anakaa kwenye jiko lililogeuzwa, ananisikiliza. Hata mimi hakunitajia kwamba wanamwita hivyo.

Sasa kila Jumapili naenda Bunda. Nambebea miwa, nambebea madaftari. Ananipa shikamoo vizuri kabisa, anapokea, anaenda kukaa ndani. Stori haniombi, na mimi simpi.

Nyinyi mnaosoma, maziwa ya soya hayalazwi. Yakishikana yameoza, hata kama macho yako yamekulia kwenye kibuyu. Hilo ni dogo. Kubwa ni kwamba ukiumwa tumbo, sema ulikula nini, na kilikuwa cha lini, hata kama wote watakucheka. Aibu ya kuharisha ilikuwa iishe kwa siku mbili. Hii yangu iko mwezi wa tano sasa, na Wegesa bado yuko Bunda.