Rukia Mshika Bendera, na Ule Mpira Wangu

Akili yangu bado inakataa. Rukia ametutoka Alhamisi, tumemzika Ijumaa, na Jumamosi asubuhi kapteni wetu ameshaposti picha yake na moyo mweupe. "Our angel." Angel wa nani?

Mnaonijua mnajua mimi siongei. Mazoezini kocha akiniuliza kitu natikisa kichwa tu. Jana akanitumia meseji: "Mwanangu, wewe ndiye best friend wake, andika maneno mazuri tuweke kwenye page ya klabu."

Haya, Kocha Farid. Nayaweka kwenye page yangu. Kwa Kiswahili, ili wazazi wote wa huku ughaibuni, Lanham na Greenbelt, wasome wenyewe, wasisubiri kutafsiriwa na nyinyi.

Kwa msiomjua: Rukia alikuwa na miaka kumi na saba na ugonjwa wa seli mundu. Kukimbia hakuweza. Kwenye timu yetu ya hurling, ule mchezo wa magongo wa Waairishi ambao Kocha alijifunza kwa wenzake wa ujenzi akatuambukiza sote, yeye alikuwa mshika bendera.

Kwenye daraja letu la chini la kaunti, kila klabu inatoa watu wake wa kusimama nyuma ya goli. Mpira ukipita kati ya nguzo juu ya mtambaa panya, unainua bendera nyeupe, pointi moja. Ukiingia wavuni, ya kijani. Ukienda nje, unanyoosha mikono pande mbili. Basi. Kazi yenyewe ni kusema ulichokiona.

Na lazima uvae koti jeupe. Mama yake, Bi Zuhura, anafanya kazi maabara Gaithersburg, akampa lake la zamani. Siku ya kwanza nikamwambia, "Dokta, nina homa."

"Homa yako ni uvivu, shoga. Nenda kakimbie!"

Alikuja na blanketi na thermos ya chai ya tangawizi, maana baridi ilikuwa inamwamshia maumivu ya mifupa. Hakukosa mechi hata moja. Nyinyi wenye miguu mizima mlikuwa mna-cancel kwa sababu ya manyunyu.

Mechi tatu za mwanzo tulifungwa. Ya nne tukashinda kwa pointi moja, na wenzetu wakadai moja ya pointi zetu ilikuwa nje. Babu mmoja wa upande wao alimfokea Rukia mpaka mate yakamruka. Rukia hakushusha bendera. Mkambeba juujuu nyie! "Macho ya mwewe!" Kocha akasema mbele ya watu wote, "Huyu mtoto hajui uongo."

Yashikeni hayo maneno.

Nusu fainali. Tuko nyuma pointi moja, dakika ya mwisho, mpira uko kwangu. Nikapiga. Ukaenda juu sana, juu kuliko nguzo yenyewe. Nyinyi kule pembeni mkaruka, mkakumbatiana. Mshika bendera wa wenzetu jua lilikuwa machoni mwake, akamtazama Rukia. Refa naye akamtazama Rukia. Bendera nyeupe iko pale miguuni pake.

Akanyoosha mikono.

Filimbi. Msimu umekwisha.

Mlimwita nini? Screenshot ninazo. Kapteni, wewe mwenye moyo mweupe, uliandika: "Tumefuga nyoka." Mwingine: "Si angeinua tu, nani angejua?" Na mzazi mmoja, mtu mzima na heshima zake, alimfuata mama yake pale parking: "Bi Zuhura, mwanao hana kwao."

Bi Zuhura akamjibu, "Anako. Ndiyo maana hadanganyi."

Mkam-remove kwenye grupu siku hiyohiyo. Koti lake nililikuta kwenye mfuko wa taka, nyuma ya gari la vifaa.

Sisemi mmemuua. Ugonjwa ndio uliomchukua, na siku zake zilifika. Lakini aliishi wiki saba baada ya mechi ile, akalazwa mara mbili, na hakuna hata mmoja wenu aliyepiga simu. Leo mmejaa msibani na masufuria ya pilau, mnagombania nani alimjua zaidi.

Na mimi je? Ngojeni, sijajisahau.

Kwenye gari tukirudi mliniuliza, "Wewe mpigaji, si mpira ulipita ndani?" Nikatikisa kichwa. Vilevile ninavyotikisa siku zote, si ndiyo wala si hapana. Mkachukua kuwa ni ndiyo. Nikawaacha mchukue.

Jioni Rukia akanitext: "Uliona?"

Nikamjibu: "Sikuwa naangalia."

"Sawa shoga."

Hakuniuliza tena. Hospitali nilikaa pembeni ya kitanda nikimmenyea machungwa, tukaongea mitihani, tukaongea kucha za nesi, tukacheka. Kila tukinyamaza nilijua ananipa nafasi. Kila mara nikachukua chungwa jingine.

Mpigaji anajua, jamani. Gongo likigusa mpira vibaya, mikono inajua kabla ya macho. Na mimi hata macho yaliona.

Kocha, nasikia kombe la mwakani mtalipa jina lake. Acheni. Rudini kwanza kwenye grupu lile mlilomtoa, muandike kwamba alisema kweli. Mkishindwa, ondoeni picha yake. Mkitaka kunitoa na mimi, nitoeni.

Rukia, koti lako nimelifua, nimelipiga pasi, nimempelekea mama yako. Amelivaa palepale juu ya kanga zake.

Na meseji yako najibu sasa, mbele ya watu. Niliona. Mpira ulitoka nje, upana wa kiganja, upande wa nguzo yako. Tuliona wawili, nikakuacha usimame peke yako.

Lala, shoga yangu. Ishushe mikono, ipumzike.