Ndoo Isiyo na Kitako

Wiki iliyopita nilimnunulia binti yangu mpira wa kikapu, na kabla hajaugusa nikaunusa. Usinicheke. Mpira mpya unanuka raba iliyolowa, na kwangu hiyo ni harufu ya kisima chetu nje ya Griftu, ambako ndoo zilishonwa kwa tyubu kuukuu za lori. Ni harufu pia ya kaka yangu Bishaar, mchezaji hodari kuliko wote ambao hamjapata kuwasikia.

Ndani ya kisima kile wanaume walisimama ngazi kwa ngazi, mmoja juu ya mwenzake, wakirushiana ndoo huku wakiimba. Tangu akiwa na miaka kumi na mitano, Bishaar alikuwa wa tatu kutoka chini. Juu yake, mdomoni mwa kisima, alisimama Aabo, baba yetu. Hakuna aliyetazama. Aliye juu aliita "Hoo!" nawe ukarusha. Sharti lilikuwa moja: kama hakuna mikono juu yako, usirushe, maana ndoo itamwangukia aliye chini.

Miaka ya tisini Bishaar alikuja Garissa kusomea ualimu. Mimi nilikuwa na miaka tisa, nikiishi kwa mama mdogo mtaa wa Iftin ili nisome. Mwalimu Wafula wa michezo alimwona Bishaar akiinama ili apite mlangoni, na jioni ile ile akamvisha jezi. Jamani, mikono ile! Alidaka kila kitu, hata kilichotoka mgongoni mwake, na pasi yake ilikufikia kabla hujaiomba.

Ila hakutupa golini. Mwalimu Wafula alipiga kelele mpaka sauti ikamkauka: "Bishaar, tupa!" Bishaar akatoa pasi. Wanachuo wakamzomea kwa neno walilomwitia kila Msomali: "Wariya! Kikapu kitakuuma?"

"Abaay, dada yangu," aliniambia siku moja kwa aibu, "mikono inakataa. Juu hakuna mtu."

Nilitatua tatizo hilo kama ninavyotatua matatizo hadi leo, yaani bila kufikiri. Nilikunja gauni, nikapanda nguzo ya goli. Ubao wake ulikuwa wa mbao tatu, moja ikiwa imeshakwenda jikoni kwa mtu kama kuni, basi nikapenyeza mikono kwenye pengo lile, juu kidogo ya pete. "Hoo!" nikaita. Mpira wa kwanza ulinipiga puani. Wa pili nikaudaka. Kufikia mwisho wa juma nilikuwa naita, halafu naondoa mikono, na mpira unatumbukia wenyewe. Nilitembea Iftin yote na pua iliyovimba, nikijiona kocha. Hata hivyo, siku ambazo sikuwa juu, Bishaar alirudia pasi zake.

Ndipo Aabo akaja. Binamu aliyeshika nafasi ya Bishaar kisimani alikuwa ameoa Bute na kuhamia huko, na ngazi ya tatu ilibaki tupu. Aabo alishuka kwenye lori la mifugo Ijumaa, akakung'uta vumbi kwenye shuka lake, akasema amekuja kumchukua mwanawe. "Mtu mzima anarukaruka na suruali fupi, na ngamia wana kiu!"

Bishaar hakubishana. "Kesho tunacheza na wageni. Tazama kwanza, Aabo. Ukisema twende, tutaondoka pamoja."

Jumamosi Aabo alisimama nami nyuma ya goli, fimbo mabegani, akinong'ona kwa Kisomali. Kunong'ona kukawa kusema, kusema kukawa kufoka. "Yule mfupi mbona hapitishi? Anakunywa peke yake?" Mpira wa kwanza ulipoingia, alinishika bega kwa nguvu. "Ndoo yenyewe haina kitako! Kazi yote hii, halafu wanamwaga!" Watu wakageuka. Nilitaka ardhi inimeze, na wakati huo huo nilikuwa nacheka mpaka machozi.

Mwishoni tulikuwa nyuma kwa pointi moja. Bishaar alidaka mpira chini ya goli, na wenzake wote walikuwa wamebanwa. Niliirukia nguzo, Mwalimu Wafula akaninasa gauni. Bishaar alisimama, mpira juu ya kichwa, mikono imekataa. "Tupa, wariya, tupa!" uwanja mzima ulilia.

Kando yangu fimbo ilianguka. Aabo alikuwa ameinua mikono yote miwili.

"Hoo!"

Bishaar hakutazama. Alirusha. Mpira ulizunguka pete mara moja, ukaingia.

Sijui niliingiaje uwanjani. Najua nilipoteza kiatu, na mpaka leo sijakipata. Usiku Aabo alikunywa chai, akasema neno moja tu: "Baki." Asubuhi akapanda lori peke yake. Bishaar akacheza miaka miwili, hata Nairobi akafika, kisha goti likamwangusha. Leo ni mwalimu Bute, na mkononi huwa ana mpira badala ya chaki.

Likizo ya mwaka ule ule wa mchezo nilikwenda Griftu. Mdomoni mwa kisima alisimama binamu mwingine, kijana mdogo. Niliinama nikachungulia. Kwenye ngazi ya tatu alikuwa Aabo, ndevu zikitiririka maji, mbavu zikihesabika. Nilidhani mchezo umemnogea, naye anamwiga Bishaar! Nikampigia kelele kwamba Bishaar sasa anatupa hata bila kuitwa.

Aabo alidaka ndoo, akarusha. "Na ile ndoo," akauliza akihema, "bado hawajaishona?"

Nilicheka siku nzima. Jana, nikiwa na umri aliokuwa nao Aabo siku ile, nilitundika pazia. Dakika tatu za mikono juu, nikalazimika kukaa kitini. Hapo ndipo nilipoelewa ni nani aliyeijaza ngazi ile, ndoo baada ya ndoo, ili Bishaar arushe mpira Garissa, nami nijisifu kwamba nilimfundisha mimi.

Nje, binti yangu alikuwa amesimama mbele ya goli lake jipya, mpira mikononi, anasita. Nikainuka, nikafungua dirisha, nikainua tena mikono ile ile inayouma.

"Hoo!"