Mpini Mgumu Alionichagulia Baba

Kila mwanaume anayepanda baraza yetu hapa Ruhuwiko na mfuko wa fimbo za gofu begani anataka mpini mgumu. Hajanionyesha anavyopiga, hajakaa hata kwenye kiti, lakini ameshaniambia kwamba yeye ni mtu wa mpini mgumu. Kitambi kimemtangulia, anahema kwa ngazi za baraza tu, na mkononi ana fimbo yenye herufi S, alama ya mpini mgumu, aliyoinunua Dar es Salaam kwa sababu muuzaji alimwambia ndiyo wanayotumia vijana wanaopiga mbali. Mimi humwacha amalize. Kisha humpeleka nyuma ya nyumba, kwenye kiwanja tulichokuwa tukilima mahindi, namwambia apige mipira michache. Mpira unaondoka chini chini, unakata kulia, unaishia kwenye migomba ya jirani. Hapo namwambia kwamba mpini wake ni ule laini wa wazee. Neno hilo nalisema taratibu ili lisimpite. Sitadanganya, napenda kuuangalia uso wake wakati huo.

Si wengi. Songea si mji wa gofu. Ni wahandisi wa barabara, watu wa makaa ya mawe, daktari mmoja aliyerudi nyumbani kustaafu. Siku za mapumziko hupanda magari yao kwenda kucheza kwenye mashamba ya chai huko nyanda za juu, na fimbo zikivunjika au zikiwakataa, huniletea mimi. Wananiita fundi. Wakiwa hawapo nadhani wananiita yule mwanamke mwenye mdomo mchafu, na hawakosei.

Kazi yenyewe si ya uchawi. Watu husifia kichwa cha fimbo kwa kuwa kinang'aa, lakini anayepiga ni mpini. Mpini hunesa wakati fimbo inashuka. Ukinesa kwa kadiri ya mwenye mkono, kichwa kinafika kwenye mpira kikiwa kimenyooka. Ukiwa mgumu kuliko mtu, kichwa kinachelewa kurudi, mpira unakwenda chini na kulia, na viganja vinawaka kama umepiga jiwe. Ukiwa laini kupita kiasi, mpira unapaa na kukata kushoto. Halafu kuna mipini ya chuma, ambayo ni mizito, na ya kaboni, ambayo ni myepesi. Hayo ndiyo yote. Kinachobaki ni majivuno ya wanaume, na hayo hayana herufi.

Haya alinifundisha baba. Alikuwa fundi wa fimbo miaka mingi kwenye uwanja wa shamba moja la chai, na alipostaafu alirudi Songea na sanduku la vifaa, jiko la mafuta la kuyeyushia gundi, na ulimi ulionizidi mimi. Mameneja walikuwa wakimwogopa. Alikuwa akisimama nyuma ya mtu, anasikiliza fimbo inavyokata hewa, halafu anasema neno moja tu, mgumu, wa kati, laini, na hakuwa akibishiwa. Nilipokuwa shule ya msingi alinisimamisha pembeni yake nisikilize naye. Nikikosea alinipiga kisogoni kwa mshikio wa fimbo. Nikipatia hakusema kitu. Kulikuwa na sentensi moja aliyoirudia mpaka nikawa naiota: "Mpini haumuulizi mtu ana nguvu kiasi gani. Unamuuliza ana haraka kiasi gani."

Na mimi nilikuwa napiga. Nilianza na fimbo zilizokatwa, nikicheza kwenye shamba letu la barabara ya Madaba baada ya mahindi kuvunwa, nikilenga vichuguu. Pigo langu lilikuwa la pole, lakini mpira ulikwenda pale nilipouambia. Baba alikuwa akitazama akiwa amekunja mikono, na akiulizwa na watu alisema binti anapoteza muda.

Mama alifariki nikiwa kidato cha nne. Kaka yangu alikuwa ameshaoa na kuhamia Namtumbo kulima tumbaku, na mkewe hakuficha kwamba mkwe mzee hamtaki nyumbani kwake. Kwa hiyo tukabaki wawili, mimi na baba, na jikoni nikaingia mimi. Mwaka uliofuata likaja jambo ambalo sikuwahi kutaka lingine kama lile. Kocha mmoja wa wanawake alitangaza kwamba atakuja kwenye uwanja ule ule wa chai kuchagua wasichana. Atakayechaguliwa atakwenda kuishi mjini, atafundishwa, atasomeshwa, na akiweza atacheza nje ya nchi. Baba mwenyewe ndiye aliyeniletea habari. Alisema nipeleke jina, na nikapeleka, na usiku huo nililia kwa furaha nikiwa nimejifunika khanga ya mama.

Zikabaki fimbo. Zile za kukatwa zilikuwa za kitoto, ilibidi nitengenezewe seti ya mtu mzima. Nilitegemea baba atanipeleka kiwanjani, asimame nyuma yangu, asikilize. Badala yake mvua za kwanza zilipoanguka alinipeleka shambani na jembe. Akageuza debe, akakaa, akaniambia nipige matuta.

Kwetu hilo halishangazi. Wazee wa Kingoni wakitaka kumjua binti hawamwangalii usoni, wanaangalia tuta. Wakwe wakija kuchunguza hupita shambani kwanza. Mwenye tuta la juu lililonyooka ndiye mtu, na anayeomba jembe jepesi atachekwa mpaka kwa wajukuu. Kwa hiyo nililima. Nililima kama mtu aliyelaaniwa, nikilinyanyua jembe juu ya kichwa na kuliacha lishuke na uzito wangu wote, mpaka mgongo ukagoma. Baba akasimama, akakamata mkono wangu juu ya kiwiko, akauminya kama mtu anayenunua ng'ombe.

"Mkono huu ni wa chuma," akasema. "Nitakuwekea mpini wa chuma, wenye S."

Hakuwa amenisifu hata siku moja tangu nizaliwe. Nilikuwa naijua ile sentensi yake ya nguvu na haraka kuliko sala zangu, na bado sikuuliza chochote. Ningeuliza nini? Mtu mwenye njaa haulizi chakula kimepikwa na nani. Nilirudi nyumbani nimevimba kichwa, nikampikia ugali na matembele, nikamkaribisha kama mfalme.

Fimbo zilikuwa nzuri kutazama. Nikaanza kuzipiga na mpira ukaanza kunitoroka. Ulikwenda chini, ulikwenda kulia. Viganja vilichubuka. Nilipomwambia alisema ni uvivu, nipige kwa nguvu zaidi, na nilipopiga kwa nguvu zaidi ukaenda kulia zaidi. Alisema mama yangu naye alikuwa hivyo, anapewa kitu kizuri anakilalamikia. Sikulia mbele yake. Nilikuwa nalia nikiwa jikoni, ambako moshi ulinisaidia kuficha.

Siku ya mchujo tulikuwa wasichana wengi. Wengine hawakujua hata kushika fimbo. Nilipoitwa nilipiga, na mpira ukafanya kile ulichokuwa ukifanya nyumbani. Nikapiga mwingine. Nikapiga mpaka nikasikia mtu ananicheka nyuma. Yule kocha, mama mfupi mwenye kofia ya majani, hakucheka. Alinisogelea, akaichukua fimbo yangu, akaibonyeza kwenye nyasi akaona inavyokataa kunesa. Akauliza nani amenichagulia. Nikasema baba, na nikasema kwa kujivuna, Mungu ananiona. Baba alikuwa amesimama karibu na kamba. Kocha alimwamkia shikamoo, akaitikiwa, kisha akachomoa fimbo moja nyepesi kwenye mfuko wake mwenyewe, ya kaboni, mpini laini.

"Mzee, pigo la huyu binti ni zuri sana, ila la taratibu. Niruhusu apige na hii mara moja tu."

Baba alitabasamu. Hata leo nauona mdomo wake.

"Mwanangu hachezi na fimbo ya kuazima," akasema.

Kocha aliniangalia mimi. Alikuwa ananisubiri niseme kitu. Nilikuwa na umri wa kusema, na fimbo ilikuwa pale mkononi mwake, lakini kwetu baba akishasema mbele ya watu, binti hana neno la kuongeza. Akairudisha mfukoni, akaandika kitu, akaita msichana mwingine. Walichukua msichana kutoka Njombe ambaye sikuona anachonizidi. Siku hizi namwona kwenye simu akiwa amevaa fulana nyeupe, mahali penye nyasi zisizokauka, na huwa naizima.

Njiani kurudi baba alikuwa mchangamfu. Tulipofika Madaba alininunulia hindi la kuchoma, na alilichagua mwenyewe, lililoiva vizuri. Nilidhani ananipoza. Jumapili iliyofuata alisimama nje ya kanisa na kuwaeleza watu kwamba mpira umenishinda, nimerudi kwenye sufuria zangu. Mtani wake mmoja, Mhehe aliyeoa mtaa wa pili, akaja kuniuliza kama zile fimbo zinafaa kusongea ugali. Mtani hakasirikiwi, kwa hiyo nilicheka. Baba alicheka mpaka akafuta machozi.

Kwa miaka yote iliyofuata nilimtetea. Nilipokutana na watu waliojua habari ile, niliwaambia mzee ni mtu wa jembe, amepima kwa jembe kama baba zake walivyopima, na kama amekosea amekosea kwa mapenzi. Nilimsamehe, nikajisikia mtu mwema kwa kumsamehe. Mikono yake ilipoanza kutetemeka nilichukua vifaa, nikaendelea na kazi. Wachumba walikuja wawili watatu, akawatukana, wakaenda. Kisha akapata kiharusi, upande wa kulia ukafa, na tangu hapo analala chumba chenye dirisha la kuangalia kiwanjani. Namgeuza, namwosha, namlisha. Ulimi haukufa sana. Anaongea kwa kuburuta maneno, na kama uji umekosa chumvi utalisikia neno hilo vizuri.

Majuzi alikuja mhandisi mmoja na binti yake. Baba mtu alitaka binti awekewe mpini mgumu ili asionekane dhaifu. Nilimwambia akae kwenye kiti na anyamaze, na kwa sababu fimbo zake mwenyewe nilishamwekea mpini wa wazee, alikaa. Binti akapiga. Nilisimama nyuma yake, nikafumba macho, nikasikiliza. Lilikuwa pigo la pole, safi, lisilo na papara. Nikamwekea mpini laini wa kaboni kwenye fimbo moja ya kujaribia, akapiga tena, na mpira ukapaa, ukanyooka, ukaangukia mbali kule kwenye uzio. Akanigeukia akiwa amefungua mdomo. Nilimwonea wivu, nikamwambia baba yake aje kuchukua seti wiki ijayo.

Walipoondoka nikaingia ndani na uji wa baba. Nikamwinua, nikamwekea mto, nikafunga kitambaa shingoni. Nilikuwa nachota kijiko cha kwanza aliposema.

"Umempa laini."

Nikasema ndiyo.

"Umepatia. Nimesikia." Akavuta pumzi. "Pigo lake kama lako."

Nikasema la kwangu lilikuwa na haraka kidogo, kwa sababu ya nguvu za mkono. Nilikuwa bado namtetea, hata pale. Akatikisa kichwa, kwa ule upande unaotikisika.

"Lako lilikuwa la pole kuliko hilo. Mpini wa kukufaa ulikuwa laini kabisa."

Nilikishusha kijiko. Nikamuuliza alilijua lini hilo. Akaniangalia kama alivyokuwa akiniangalia nikiwa mdogo, nikiuliza swali ambalo jibu lake lilikuwa mbele yangu.

"Kabla ya debe. Kabla ya jembe. Mimi ni fundi."

Aliendelea bila kuulizwa. Alisema mama alikuwa amekufa, kaka ana mke mwenye roho ya nyoka, na mwanaume wa umri wake hajui kuwasha hata moto. Alisema alileta habari ya kocha yeye mwenyewe kwa sababu ningeisikia kwa wengine, na ningeisikia kwa wengine ningetoroka. Bora niende naye, nishindwe, nirudi nimetulia. Hakuomba radhi. Alikuwa anaeleza kazi, kama alivyokuwa akieleza namna ya kupasha gundi.

"Ningekuwekea ule laini," akasema, "leo nani angenilisha?"

Ndani yangu kulikuwa na kitu kimoja tu, na kilikuwa chuki. Sijawahi kukihisi kwa mtu mwingine yeyote na sitaki mtu aniambie ni kitu gani kingine. Nilimtazama shingo, ile ngozi iliyolegea juu ya kitambaa nilichokifunga mimi, nikafikiria barabara ya kwenda stendi, na begi, na kwamba hakuna wa kunizuia tena. Kisha nikafikiria ni nani angeingia chumba hiki kesho asubuhi. Hapakuwa na mtu. Alikuwa amelipanga vizuri hilo pia.

Akafungua mdomo akisubiri. Alikuwa na njaa, ulikuwa umepita muda wake wa kula. Uji ulikuwa umetoka jikoni sasa hivi, juu bado ulikuwa unafuka moshi, na kila siku huwa naupuliza kijiko kwa kijiko kabla ya kumpa.

Nikachota. Sikupuliza.