Kasuku Aliyejifunza Msiba

Marsiana aliuza vitumbua barazani kwake, pale Kibaoni, Ifakara. Sisi tulioishi ng'ambo ya barabara tulimwita mama Anselim, kwa jina la mwanawe wa kwanza, aliyefanya kazi ya reli upande wa Mlimba. Baba yao alikwishafariki siku nyingi. Watoto walikuwa wawili tu, Anselim na dada yake Teddy.

Kasuku aliletwa na Anselim. Alimnunua kituoni kwa abiria mmoja aliyetoka Zambia: ndege wa rangi ya majivu, mkia mwekundu. Alimtengenezea tundu la waya, akalitundika dirishani kwa mama yake.

"Huyu atakusemesha nikiwa kazini, mama," alisema.

Ndege hakusema neno. Alichojifunza kwa Anselim ni mluzi, wa sauti tatu, ya mwisho ikipanda. Vijana wa reli waliitana hivyo wakiwa mbalimbali njiani. Anselim akija likizo tulijua kabla hatujamwona, maana mluzi mmoja ulitoka barabarani na mwingine ukaujibu dirishani.

Mwaka 1995, watu wakiwa kwenye mavuno ya mpunga, Teddy alifariki baada ya kuugua muda mrefu. Walimlaza chumbani wakimsubiri kaka yake afike na treni, na wanawake walilia mchana kutwa. Kila mama ana kilio chake. Cha Marsiana kilianzia juu, "Yoo, mwanangu, yoo," kikashuka polepole mpaka pumzi ikamwishia. Tundu lilikuwa palepale dirishani. Hakuna aliyelikumbuka.

Matanga yalikuwa yameanuliwa na Anselim amerudi kazini, jioni moja tukasikia kilio kwa Marsiana.

Huku kwetu kilio hakiulizwi. Ukikisikia unaacha ulichoshika. Sikitu, mama Rosa, jirani yake wa mlango wa pili, alifika wa kwanza, kanga kaifunga kiunoni na machozi yameshaanza kumtoka. Mzee Hermenegildi, mjumbe wetu wa nyumba kumi, alikuja na jembe begani. Walimkuta Marsiana kasimama uani, mwiko mkononi, anatazama dirisha. Kasuku alikuwa amefumba macho nusu. Akalia tena, "Yoo, mwanangu, yoo," mpaka pumzi ikamwishia vilevile.

Kuna waliocheka. Marsiana aliingia ndani akafunga mlango.

Ikawa karibu kila jioni. Watu walikuja mbio, kisha wakaja wakitembea, kisha wakaja kugombana.

"Leo nani kafa, mama Anselim?" Sikitu aliuliza siku moja, sufuria mkononi. "Wali wangu wote umeungua. Huu ukoko mpe huyo mfiwa wako aule!"

"Nisamehe, mama Rosa."

"Nikusamehe mimi? Kawaombe radhi watoto, ndio watakaolala na njaa."

Miaka ile misiba ilifuatana, na watu hawakupenda kusikia kilio kisicho na maiti. Wengine walisema ndege anaiita mauti. Lakini lililoharibu kabisa ni siku mume wa Apolonia alipofariki, nyumba chache kutoka pale. Apolonia alilia, na wanawake waliendelea kupepeta mchele wao wakisema, "Ni yule kasuku." Alikaa na maiti peke yake mpaka mtoto wake alipotumwa nyumba kwa nyumba kuwaita.

Mzee Hermenegildi alikwenda kwa Marsiana akavua kofia.

"Sisemi umuue, mama Anselim. Nakupa mpaka Pasaka umnyamazishe. Baada ya hapo, akilia hata mara moja, nitamchukua mwenyewe nikamwachie Mofu, huko mtoni kwenye ndege wenzake."

Marsiana alikuwa tayari kumtoa hata kabla ya Pasaka. Lakini kabla ya Krismasi Anselim alishuka treni akiwa amekonda, shati limempwaya, na hakurudi tena kazini. Alipofika mlangoni alipiga mluzi. Ulitoka dhaifu, lakini ndege aliujibu kwa nguvu zote, akaning'inia kwenye waya kichwa chini. Ndipo Marsiana alipomwona mwanawe akicheka. Tangu hapo hakusema tena habari ya kumtoa.

Alimweleza Anselim maneno ya mjumbe.

"Akilia, unafanyaje, mama?" Anselim aliuliza kutoka kitandani.

"Namkimbilia. Nampa karanga anyamaze."

Anselim alicheka mpaka akakohoa. "Basi unamlipa! Kwa karanga hizo hata mimi ningelia."

Alimfundisha mama yake. Tundu litoke dirishani, liwe chumbani karibu na kitanda, maana jioni ndege huogopa akiona giza linaingia naye yuko peke yake. Lifunikwe kanga mapema. Akilia, mtu asimtazame, asimkaripie, asimwambie hata "nyamaza", kwa sababu hayo nayo ni majibu. Akipiga mluzi, hapo ajibiwe mara moja, apewe na karanga.

Siku za mwanzo kasuku alizidisha. Alilia mpaka sauti ikakwaruza, na Sikitu aligonga ukuta kwa mchi. Marsiana alikaa jikoni, mikono kaibana magotini, hakunyanyuka. Baadaye ndege alinyamaza, akajaribu mluzi. Anselim akaujibu. Wiki zikapita, vilio vikapungua, kikabaki kimoja kimoja.

Halafu siku moja Marsiana alikuwa akifua mashuka ya mwanawe uani. Alipoona jinsi yalivyochafuka, alilia. Hakulia kwa sauti kubwa. Jioni ile kasuku alianza upya kama siku ya kwanza.

"Anakusikia, mama," Anselim alisema. "Ukilia, naye analia."

Marsiana hakulia tena nyumbani. Tulianza kumwona akienda kwenye mashine ya kukoboa mpunga mara nyingi kuliko mchele aliohitaji kwa vitumbua. Alibeba kikapu kidogo, alisimama nyuma karibu na injini, mahali ambapo hata ukipiga kelele hakuna anayekusikia. Alirudi na nywele nyeupe kwa vumbi la pumba na macho mekundu. Ukimuuliza alisema ni pumba.

Pasaka ilipofika, mzee Hermenegildi alisimama barabarani saa za jioni akasikiliza. Ulisikika mluzi, kisha mluzi mwingine.

"Ndege amepona," alisema, akaenda zake.

Wiki iliyofuata, mchana, Anselim alifariki. Marsiana alimfumba macho, akafunika tundu kwa kanga, akatoka. Alikwenda kwa Sikitu kwa mwendo wake wa siku zote.

"Hodi, mama Rosa."

"Karibu, mama. Leo vitumbua vimebaki?"

"Anselim amekufa. Naomba mje, ila msilie ndani. Ndege atakishika tena kilio, na mjumbe atamchukua. Ni ndege wa Anselim."

Sikitu aliongozana naye. Kisha aliingia katika nyumba ya msiba, akalitoa tundu na kanga yake, akajitwika kichwani. Alilipeleka kwa mdogo wake anayekaa jirani na mashine ya mpunga. Aliporudi alikuwa anahema.

"Nimempeleka mbali. Hasikii kitu kule. Sasa lia, mama Anselim. Lia, mwenzangu."

Marsiana alifungua kinywa. Sauti haikuja. Alijaribu tena, mkono kauweka kifuani, na haikuja. Sikitu akamlilia, na wanawake wengine wakafuata, na Marsiana alikaa katikati yao macho makavu mpaka tuliporudi kutoka makaburini. Wapo waliosema maneno. Sikitu aliwaambia wafunge midomo yao.

Baada ya matanga ndege alirudishwa. Jioni, kabla hajafunikwa, alipiga mluzi. Aligeuza kichwa upande wa kitanda, akangoja. Akapiga tena, akangoja.

Marsiana alijua kinachofuata mluzi usipojibiwa. Alikunja midomo akapuliza. Ukatoka upepo mtupu. Kwetu mwanamke hapigi mluzi, tena mtu mzima kama yeye. Hakuwahi kujaribu tangu azaliwe. Ndege alivuta pumzi, akaanza juu, "Yoo." Marsiana akapuliza tena, na tena, mpaka zikatoka sauti mbili nyembamba. Kasuku akakatisha kilio, akamsikiliza.

Tangu siku ile ikawa kazi yake ya kila jioni. Watoto walikuja kuchungulia dirishani na kucheka, Sikitu akawafukuza na ufagio. Sauti mbili za kwanza Marsiana alizipata vizuri. Ya tatu, ile ya kupanda, haikupanda. Akifika hapo mluzi ulikatika, na kupitia dirishani tuliona mabega yake yakitikisika, kimya kimya. Ndege alimngojea kidogo, halafu akaumalizia yeye.