Lori ya Kaya na Ukuta wa Jikoni

Nilikwenda Koboko kutafuta nusu ya wimbo. Nusu ya kwanza ilikuwa imetufikia kwa simu, kwenye kipindi cha redio cha Jumapili cha muziki wa country ambacho mimi husaidia kupanga nyimbo zake. Hapa Arua, Uganda, Jumapili bila country ni maharage bila chumvi. Watu wakitoka kanisani magitaa yanalia kutoka Kilima cha Arua mpaka Aroi, na hata kuku hutembea kwa mwendo wa farasi. Ujumbe wenyewe ulikuwa sauti ya mwanamke, nyundo zikimpigia mdundo, halafu kimya. Mtangazaji akaniambia, "Nenda umalizie. Lakini gitaa iwemo, la sivyo hatupigi."

Jumamosi asubuhi nilipanda lori la soda la rafiki yangu Drale, ambaye hushusha mizigo Koboko na mara nyingine huvuka mpaka hadi Kaya, Sudan Kusini. Alikuwa na nyimbo za country za kutosha kufika Cairo na kurudi. Katika kila wimbo mwanamume anaondoka, mwanamke anabaki. Drale aliziimba zote kwa furaha kubwa, kuanzia Manibe hadi Maracha, na baada ya Maracha akazirudia.

Koboko, pembeni mwa mji, niliwakuta wanawake wanaoponda kokoto. Kila mmoja amekaa na kipande cha mpira wa tairi kilichokunjwa kama pete. Jiwe linawekwa ndani ya pete ile, nyundo inashuka, na vipande haviruki machoni. Redio ndogo ilikuwa imening'inia kwenye mpini wa jembe, na nyundo zilifuata redio. Zaitun, mwenye ulimi kuliko wote, alinipa nyundo kabla ya kunipa salamu.

"Mutu ya redio, shika kwanza. Suruali yako iko safi sana."

Nikapiga mara moja. Nadhani Kampala walisikia. Jiwe halikusikia.

Mwenye wimbo alikuwa Kiden, ambaye wote walimwita Mama Poni kwa jina la binti yake. Mume wake alipanda lori la kwenda Kaya wakati Poni hajaota meno. Hakufa. Madereva wanamwona Juba, amenenepa.

"Nataka asikie," Mama Poni akasema, bila kuacha kuponda. "Kila lori iko na redio."

"Sasa kwa nini wimbo uliishia katikati?"

"Gitaa ilikataa," Zaitun akajibu, na wenzake wakacheka kwa namna ambayo ingenishtua kama ningekuwa na akili.

Mimi nikaenda kutafuta gitaa. Kwa kinyozi ng'ambo ya barabara nilielekezwa kwa kijana aitwaye Lemi, ambaye ndiye peke yake upande ule anayepiga country. Nilimwambia tu kwamba redio ya Arua inamtaka. Alinifuata mbio, hakuuliza hata ni wapi.

Tulipofika kwenye mawe, Mama Poni alivuta kitenge akafunika uso, akatugeuzia mgongo. Lemi alijificha nyuma ya lundo la kokoto, gitaa likachungulia juu. Wanawake walicheka mpaka redio ikaanguka.

"Mutu ya redio," Zaitun akasema akifuta machozi, "umeleta mukwe kwa mama mukwe. Hata mbuzi ya Koboko inajua."

Basi ndiyo hiyo. Lemi alikuwa akija nyumbani kwa Mama Poni kufanya mazoezi ya wimbo, na mwisho wa mazoezi akamwoa Poni. Tangu harusi, kwa adabu ya ukwe, yeye na mama mkwe hawawezi kuketi wakitazamana. Kwetu Aroi ni hivyo hivyo, kwa hiyo sikuweza kusingizia ugeni. Nilijitolea kutafuta mpigaji mwingine.

"Gitaa ya mwingine haijui wimbo yangu," Mama Poni akasema ndani ya kitenge. Akaongeza, "Adabu imekataza macho. Masikio haikutaja."

Nyumbani kwake, mchana, aliingia jikoni. Lemi akaketi nje, mgongo kwenye ukuta wa udongo wa jiko hilohilo. Mimi nilisimama mlangoni na simu, nikiwa daraja la watu wawili ambao mkono mmoja ungewafikia wote.

"Mwambie mukwe, nikigonga ukuta na mwiko, aanze."

"Mwambie mama, nimesikia."

Akagonga. Gitaa likaanza, naye akaimba:

*Lori ya Kaya, ulibeba sabuni,*
*ulibeba chumvi, ulibeba bwana yangu.*
*Sabuni ilifika, chumvi ilifika...*

Hapo ndipo ujumbe wetu ulipokatika. Zaitun alikuwa amenieleza kinachofuata: *rudisha bwana yangu, mlango iko wazi.* Mama Poni hakuimba hayo. Gitaa nje likazunguka mara ya pili, ya tatu, likimsubiri. Kisha akaimba, taratibu:

*Lori ya Kaya, kama unarudi,*
*leta chumvi tu.*

Vidole vya Lemi vilisimama.

"Mwambie mama, hapo ndio mwisho?"

"Mwambie mukwe, ndio. Iko mwisho."

Jioni, njiani kurudi, nilimwekea Drale wimbo ule. Alizima nyimbo zake zote. Akaomba nirudie ubeti wa mwisho.

"Huyo mama iko na hasira?"

"Hapana. Anataka chumvi."

Tulipofika Maracha alisimamisha lori, akashuka, akampigia mkewe kumuuliza nyumbani kumepungua nini. Akarudi ameduwaa. "Anasema hakuna kitu."

"Umemwamini?"

"Hapana," akasema, akaenda dukani.

Miaka yote nimepanga nyimbo hizi nikidhani country ni habari ya mtu anayeondoka. Jumapili ile tulipiga wimbo wa aliyebaki, na jumbe za simu zilitaka kuvunja paa la studio. Kama yule bwana aliusikia huko Juba, sijui. Nilipompigia Mama Poni kumwambia wimbo umeenda hewani, hakuuliza habari za malori. Aliuliza kama gitaa ilisikika vizuri, maana mukwe wake ameketi nyuma ya ukuta, anataka kujua.